Rekodi Safi za Glenys

Glenys Pocock alikuwa na sikio la paka na ulimi wa pilipili, na kwa miaka ishirini na moja alivitumia vyote viwili kwa kazi moja: kurekodi maonyesho ya bendi ya Tanuru Namba Mbili na kuyaweka mtandaoni, bure, asikilize anayetaka. Bendi yenyewe ilikuwa ya wanaume wanne wa kiwanda cha chuma cha Port Kembla, kusini mwa Sydney, waliopiga muziki kwenye baa za Wollongong na vitongoji vyake mpaka nywele zikawaisha. Haikupata kuwa bendi kubwa. Lakini ilikuwa na desturi moja iliyoipatia wapenzi hata katika nchi ambazo haikuwahi kuzikanyaga: anayetaka kurekodi na arekodi, ilmradi asiuze.

Hapo ndipo Glenys alipopata cheo. Kila onyesho alifika kabla ya watu, akasimamisha mlingoti wenye maikrofoni zake mbili kando ya meza ya fundi mitambo, akavaa hedifoni, akageuka askari. Watu wa kurekodi wana sheria yao, na asiyeijua hufundishwa kwa jicho: ukiwa ndani ya hatua tatu za mlingoti huimbi, hupigi makofi, na ukiweza hukohoi. Si kwamba Glenys hakuwa na damu mwilini. Aliupenda muziki ule kuliko mtu yeyote mle ndani. Col Brannigan, mpiga gitaa wa bendi, akianza kuliliza gitaa lake, naye machozi yalimlengalenga. Ila alisimama kama nguzo. Furaha yake aliila kimya kimya, kama mtoto aliyeiba sukari.

Jumapili ndiyo iliyokuwa siku ya usafi. Alikaa mbele ya kompyuta tangu chai ya asubuhi, akifuta glasi iliyoanguka, mlevi aliyeomba wimbo wa bendi nyingine, mwanamke aliyecheka vibaya. Baina ya wimbo na wimbo alikata kila kitu, akabakiza makofi machache ya mwisho yakififia. Kisha akaipandisha rekodi mtandaoni na kuifuta ile ghafi, maana alichukia takataka. Kufika jioni sifa zilishaanza kuingia: muuguzi wa Darwin, dereva wa treni wa Osaka, msichana fulani wa Suva. "Ni kama bendi inanipigia mimi peke yangu chumbani," aliandika mmoja. Glenys aliichapa sentensi hiyo akaibandika kwenye friji, na ikakaa pale mpaka karatasi ikawa ya manjano.

Sasa, mtu wa namna hiyo ndiye aliyekuwa mke wa Des.

Des Pocock alikuwa mwendesha kreni pale kiwandani, mtu wa kifua kipana na sauti iliyozoea kushindana na mashine. Des hakuusikiliza muziki, alibishana nao. Alipiga mluzi wa vidole viwili, aliitikia kila kibwagizo, alimwita mpiga ngoma kwa majina yasiyoandikika. Mwanzoni walikwenda kwenye maonyesho pamoja, na mwanzoni alisimama pale pale ubavuni mwa mkewe, kwa kuwa hakuona pengine pa kusimama.

Rekodi ya kwanza aliyoiweka Glenys mtandaoni ilikuwa ya baa moja ya Dapto, mwaka 2004. Usiku ule bendi iliuanza wimbo wa "Mvua ya Masizi", ambao wawili hao waliucheza kabla hata hawajachumbiana, na Des akashindwa kujizuia. Siku tatu baadaye msikilizaji mmoja aliandika: "Rekodi tamu, lakini ni nani huyo punda karibu na maikrofoni?"

Glenys alijibu papo hapo. "Ni mume wangu. Msijali, nishamnunulia kamba."

Watu kumi na tisa walicheka. Glenys akaisafisha rekodi upya, akamkata Des, akaiweka ile safi mahali pa ile ya kwanza, kisha akawaomba wote waliokuwa wameipakua waifute. Na wapenzi wa muziki wa bure ni watu wa heshima kuliko mnavyowadhania. Waliifuta.

"Hebu Des, leo kaa mbali kidogo," alimwambia onyesho lililofuata.

"Mbali wapi?"

"Kule kaunta."

"Kwani nimeoa kaunta mimi?"

Alicheka, akaenda. Zilikuwa hatua kumi. Baada ya miaka miwili zikawa ishirini, mlangoni kabisa, kwa sababu mluzi wake ulikuwa unafika. Kisha akawa anamsubiri ndani ya gari, anasikiliza ragbi redioni. Mwishowe akaacha kuja. "We nenda tu, mama," alisema, miguu juu ya kiti, mkate wa nyama mkononi. "Mi ntasikiliza bure mtandaoni kama wateja wako wengine."

Glenys aliona ni utani, naye akamjibu kwa utani. Mtu akikutania miaka thelathini, huwezi kujua ni siku gani ameacha.

Des alikufa mwezi Machi, uani, mkono ungali kwenye mashine ya kukatia nyasi. Hakuugua wala hakuaga. Binti yao wa pekee, Tegan, akashuka kutoka Newcastle, kaskazini mwa Sydney, kumsaidia mama yake. Waliuchoma mwili kwa faragha, kama Des alivyotaka, na shughuli ya kumkumbuka ikapangwa iwe Jumamosi kwenye klabu ya mtaani, watu wale soseji na wanywe bia, kama pia alivyotaka.

"Mama, nataka Jumamosi watu wamsikie baba," Tegan alisema Jumatatu ile, madaftari ya picha yamejaa mezani. "Hata maneno mawili. Picha zote hizi ni za mtu amefunga mdomo. Baba gani huyu?"

Wakatafuta. Des hakupatana na simu. Akitaka kusema na mtu alimwendea mlangoni. Hakuacha hata ujumbe mmoja wa sauti. Kwenye video ya harusi ya Tegan alipita mara moja tu, na sahani, mdomo umejaa.

"Basi we una saa ngapi za rekodi humo ndani?" Tegan akauliza, akiikazia macho kompyuta ya mama yake.

"Mia saba na ushee."

"Na baba alikuwepo."

"Miaka ya mwanzo, ndiyo."

"Sasa tunahangaika nini? Yumo! Atakosaje kuwemo, na mdomo ule?"

Glenys aliivuta kompyuta karibu. Alijua. Lakini alivaa hedifoni, maana mtoto alikuwa anamtazama, akaanza na zile za mwanzo kabisa.

Alisikiliza siku tatu. Alilala saa chache, akaamka, akaendelea. Muziki ulikuwa mzuri, na kwa mara ya kwanza maishani mwake aliuchukia. Hakuusikiliza tena, alikuwa akivizia mwisho wa kila wimbo, pale makofi yanapofifia, kwa sababu hapo ndipo alipopitisha kisu. Mgeni asingetambua chochote. Yeye alitambua kila mahali, mkono ulikuwa wake. Hapa, katikati ya onyesho la mji wa Kiama, pangekuwa na mluzi. Hapa Des alimtania mpiga besi kuhusu suruali yake, na baa nzima ikavunjika mbavu. Kwenye rekodi Col anamaliza wimbo, sekunde mbili za makofi, anaanza mwingine. Usafi mtupu. Alikuwa amelipangusa jumba zima na kumtupa nje mwenyeji pamoja na vumbi.

"Vipi?" Tegan aliuliza kila alipoleta chai.

"Bado."

Alhamisi asubuhi mtoto alikiweka kikombe mezani, akavuta kiti. "Mama. Ulimfuta?"

"Nilikuwa nasafisha."

"Ulimfuta baba?"

"Tegan, ndivyo kazi inavyofanywa! Kila mtu anafanya hivyo. Watu walikuwa wanalalamika."

"Watu gani?"

Glenys akawaona mbele yake muuguzi wa Darwin, dereva wa Osaka, watu ambao hakuwahi kuwapa mkono.  Siku ile ile aliingia kwenye ukurasa ambako kwa miaka ishirini na moja alikuwa malkia, akaandika: "Nani bado ana ile Dapto ya 2004, ya kwanza kabisa, kabla sijaisafisha? Ile yenye punda." Neno la mwisho lilimchukua muda kuliandika. Sababu hakuitaja, hakutaka huruma ya watu aliowazoesha sifa.

Majibu yalikuja haraka, yote ya adabu. "Nilifuta siku ile ile uliyosema, dada." "Pole Glenys, ulituagiza tufute." "Ya nini hiyo tena, safi ipo!" Watu kumi na mmoja, na wote watiifu. Majuto ni mjukuu, na huyu alikuja na mizigo yake kabisa.

Ijumaa mchana ukaingia ujumbe wa kumi na mbili, kutoka kwa mtu aitwaye Alasdair, wa Invercargill, kule chini kabisa New Zealand. "Nisamehe," aliandika. "Mimi sikufuta. Safi zako ninazo zote na ni nzuri sana. Lakini mimi ni mtu wa kiti cha magurudumu, mambo ya baa nayasikia tu. Nikitaka muziki, nacheza safi. Nikitaka kwenda kwenye onyesho, nacheza hii. Yule bwana akipaza sauti najiona nimesimama na watu. Kama ndiye mumeo kweli, mpe salamu zangu."

Chini yake aliiambatisha rekodi.

Waliisikiliza mezani jikoni, mama na binti, kwenye spika ndogo ya redio. Kwanza zogo: glasi, vicheko, kiti kikiburuzwa, mtu anaitisha chipsi. Kisha gitaa la Col likaanza "Mvua ya Masizi", kwa mbali kidogo, likipenya kelele. Na hapo ukatoka mluzi wa vidole viwili uliowafanya wote wawili waruke. Tegan akaushika mkono wa mama yake.

"Glen! Glen, huu wetu huu!" Ilikuwa sauti ya Des mwenye miaka arobaini na mitano, amejaa furaha na bia. "Acha hayo mavyuma, we mwanamke! Njoo tucheze!"

Na karibu kuliko Des, karibu kuliko gitaa, pua ikigusa maikrofoni, sauti ya Glenys: "Shhh! Nyamaza, Des! Unaharibu!"

Gitaa likaendelea peke yake. Halafu Des, chini chini: "Haya, mama. Haya."

Walingoja. Wimbo ukaisha, ukaja mwingine na mwingine. Rekodi ilikuwa na saa moja na dakika kumi na mbili, na waliisikiliza hadi mwisho bila kuinuka, na Des hakufungua mdomo tena.

Tegan ndiye aliyeanza kusema, na alisema kwa upole, jambo lililomuuma mama yake kuliko kama angefoka. "Naweza kuikata pale kwenye 'tucheze'. Kitu cha dakika moja. Watu wamsikie baba tu."

Glenys aliitazama mistari ya sauti kwenye kioo cha kompyuta. Alijua hasa mahali pa kukata. Angeweza kuifanya kazi hiyo vizuri kuliko mtu yeyote kusini mwa Sydney, na hakuna ambaye angejua.

"Usikate."

"Watakusikia, mama."

"Na wanisikie. Nimekata vya kutosha."

Jumamosi klabu ilijaa. Walikuja wa kiwandani na mashati yao meupe ya mara moja kwa mwaka, akaja Col Brannigan na fimbo yake, soseji zikaungua kama kawaida. Tegan alisema machache, akabonyeza kitufe. Gitaa likaanza. Mluzi ulipotoka kwenye spika, ukumbi mzima ulilipuka; mzee mmoja wa kreni aliupiga wake kuujibu, na mpiga ngoma alikuwa akilia na kucheka kwa pamoja. "Njoo tucheze!" Des akapaza, na nyuma mtu akaitikia, "Mchezeshe, Glen!"

Kisha watu wakamsikia Glenys.

Kicheko kilikatika pale pale. Wale waliokuwa wameinua glasi walizishusha polepole. "Haya, mama. Haya," alisema Des, na safari hii kila mtu alilisikia neno lenyewe na alivyolisema. Tegan akanyoosha mkono kuizima, mama yake akamtikisia kichwa.

Glenys alikuwa amesimama kando ya spika, mikono ameifunga tumboni, hatikisiki, kama alivyosimama miaka yote. Alitaka mtu apige mluzi. Alitaka mlevi aombe wimbo wa bendi nyingine, alitaka hata glasi ianguke. "Mvua ya Masizi" ilikuwa bado na dakika tatu na nusu. Watu walikuwa wamesogea nyuma kumpisha, hatua tatu kila upande, na hakuna aliyekohoa.