Reli Iliyopiga Hodi kwa Bi Tabu

Mgeni njoo, mwenyeji ahame. Ndivyo wanavyosema sasa Karakata, na hawatanii.

Zamani treni ya Pugu ilipita nyuma ya vyoo, asubuhi ikipeleka watu mjini, jioni ikiwarudisha. Masika ya mwaka huu reli ikachipua tawi. Likatambaa kama rando la kiazi, likazunguka kisima, likafika kwa Demetria siku ya Jumapili. Treni ikapiga honi mlangoni. Demetria alikuwa kanisani, hakujibu. Tawi likapinda kistaarabu, likaenda nyumba ya pili, kwa jirani yake Bi Tabu.

Bi Tabu alikuwa uani akimenya muhogo. Honi ikalia.

"Karibu," akasema, bila kuinua macho.

Tangu hapo treni inapita sebuleni, kati ya kochi na kabati la vyombo. Abiria huvua viatu kizingitini, wakavishika mkononi mpaka watokee jikoni. "Shikamoo, bibi," wanaimba madirishani, behewa kwa behewa. Bi Tabu huitikia marahaba mpaka koo limkauke.

"Si ungenyamaza tu, shoga!" Demetria akamwambia.

"Hodi ipigwe, ninyamaze? Kwani mie nimelelewa wapi?"

Ijumaa akaja Gozbert, ofisa wa mipaka ya reli, na kopo la rangi nyekundu. Akavua viatu, akaamkia, akachora X ukutani na nyingine kwenye kabati.

"Mama, nyumba yako imevamia reli."

"Mwanangu, nyumba hii kajenga marehemu mume wangu Mwinjuma, na wanangu wote nimewazalia humu. Reli imeota juzi."

"Ramani inaonyesha reli. Sebule haionyeshi."

Gozbert akapoza sauti. Tingatinga litakuja Jumatatu. Mama akiomba radhi kwa uvamizi, ataachiwa aezue mabati yake kwanza, akaanzie nayo kwingine. Asipoomba, yatafukiwa pamoja na kuta.

"Sema samahani tu, mama. Bei ya bati siku hizi haishikiki."

Bi Tabu akaweka chini muhogo aliokuwa akimenya, akayatazama mabati. Mwinjuma aliyapigilia mwenyewe, moja kapachika kichwa chini miguu juu. Honi ikalia mlangoni.

"Karibu," akaiambia treni.

Gozbert akajibanza ukutani, viatu mkononi, rangi mbichi ya X ikimshika mgongoni. Mabehewa yakapita, salamu zikaitikiwa zote. La mwisho lilipotokea jikoni, yeye alikuwa bado anangoja jibu.

"Nimepigiwa hodi, nimekaribisha," alisema Bi Tabu, akiurudia muhogo wake. "Siombi radhi."