Upepo wa Kwenda na Kurudi

Kati ya viwanja vile viwili vya ndege mwendo ni kilomita mia mbili tu. Ndege ndogo huumaliza kwa dakika arobaini. Hata wauza maji wa getini wanajua. Basi kwa nini rubani mzoefu wa njia hiyohiyo achelewe kurudi karibu kila siku?

"Upepo, mama watoto," husema akivua viatu. "Leo umenipiga usoni."

"Ukienda unakupiga usoni, ukirudi unakupiga usoni? Huo upepo una kisa na wewe?"

Rubani hucheka na kuomba chai. Mkewe, fundi wa nguo anayeshonea nyumbani, hakuwa akicheka. Mdogo wake alikuwa mkata tiketi kwenye uwanja wa pili, na kila shemeji yake aliporuka alimpigia dada yake simu. Fundi akapiga hesabu mwenyewe: kuna mahali mtu huyu anazunguka. Alishasikia kwamba marubani huinamisha bawa juu ya paa la mpenzi, ndiyo salamu yao. Tangu hapo usingizi ukamruka.

Asubuhi moja, mume alipotoka tu, alimwita kaka yake aje apokee nguo za wateja, naye akapanda basi hadi uwanja wa pili. Mdogo wake akamkatia kiti cha nyuma kabisa kwenye ndege ya alasiri. Akajitanda mtandio, akavaa miwani myeusi. Rubani alipanda kwa mlango wake wa mbele bila kugeuka. Kando ya rubani alikaa muuza vipuri, abiria wa kila wiki.

Walipokaribia mji, ndege ikakata kona. Moyo ukamlipuka.

"Leo nimekushika," alijisemea, akabandika uso dirishani kumtafuta huyo mwanamke.

Bawa likainama. Chini akaona bati jekundu, tangi la maji, na shuka za maua kwenye kamba. Shuka zake! Alizianika mwenyewe kabla ya kutoka. Aibu ikamshika, kisha furaha ikamjaa mpaka machozi yakamlengalenga. Kumbe anayesalimiwa ni yeye, na siku zote ameinamia cherehani, ndege zikipita juu hata hainui kichwa.

Uani ilisimama pikipiki mpya ya kaka yake.

"Kapteni!" muuza vipuri alipaza sauti ishinde injini. "Leo mgeni yupo!"

 Rubani akazunguka mara ya pili, chini zaidi.

"Si nilikwambia? Ukipita kila siku, ipo siku utamnasa," muuza vipuri aliongeza.

Furaha ikamkauka fundi. Haikuwa salamu, ulikuwa ulinzi. Iliuma vibaya, na kilichouma zaidi ni kwamba hakuwa na uso wa kukasirika, yeye aliyejitanda mtandio nyuma ya mume wake.

Ndege ilipotua, rubani aliwafungulia abiria mlango bila hata kuwaaga, akakimbilia gari lake, funguo mkononi. Fundi akashuka, akavua miwani.

"Baba watoto! Upepo wa leo ulikuwaje?"

Rubani akageuka, akaganda. Alimtazama mkewe, akaitazama ndege, akamtazama tena. Habari ya pikipiki ilimtoka kichwani palepale, ikaingia nyingine.

"Kule ulikuwa na nani?"

"Na mdogo wangu," alijibu, na ilikuwa kweli tupu.

Rubani akatikisa kichwa polepole, vilevile alivyokuwa akitikisa mkewe kila jioni akisikia habari za upepo.