Ukungu Kwenye Kona ya Mlima

Kaka mtu alikuwa seremala, dada mtu mshonaji, na safari hiyo ya ugenini ilikuwa ya kumwona mdogo wao wa mwisho aliyejifungua mapacha. Pale walipokodi gari, karani aliuliza mara mbili kama dada naye angeendesha. Leseni ya nyumbani alikuwa nayo, ya kimataifa hana. Seremala akajibu kwamba yeye peke yake anatosha. Karani akawaambia wazi: asiyeandikwa kwenye mkataba akishika usukani, bima haimtambui.

Saa nne asubuhi walikuwa mlimani. Huko magari yanapita kulia, na wao wamezoea kushoto, kwa hiyo kila kona mshonaji alikanyaga breki isiyokuwepo. Mara ukungu ukashuka. Akamtupia kaka yake jicho, akaona jasho linamtiririka na baridi yote ile, huku gari likivuka mstari wa katikati.

Alimsihi asimame. Seremala alibisha kidogo, kisha akasogea pembeni. Kona ilikuwa finyu. Nusu ya gari ikabaki barabarani. Ulimi ukiwa mzito, akakiri kwamba tangu alfajiri alikuwa amejidunga dawa ya sukari bila kutia kitu tumboni, asije akaichelewesha safari.

"Shika usukani, mdogo wangu. Tusogee mbele tu."

Mshonaji aliutazama usukani. Barabara asiyoijua, upande asiouzoea, mbele haoni hata hatua kumi. Na wakibaki humo garini, wamekwisha.

"Siendeshi, kaka. Tunashuka."

Akawasha taa za hadhari, akamtilia mdomoni soda waliyokuwa nayo ili sukari ipande, akamshika kwapa na kumtoa. Seremala alikuwa mzito kama gogo la mninga. Akamvusha ukingo wa chuma hadi kwenye majani, akavaa fulana ya kung'aa, akachukua pembetatu nyekundu ya kuonya magari na kurudi nyuma akiambaa na ukingo, akihesabu hatua kwa sauti ili asikimbie. Alipofika hamsini akasikia lori.

Hakuliona. Alisikia injini, halafu breki zikilia, halafu upepo ukampiga usoni. Aliruka ukingo, akalala kifudifudi, mdomo umejaa udongo. Pembetatu ilisagwa. Huko mbele chuma kikagonga chuma, kisha kimya.

 Akatambaa kurudi kwa kaka yake. Alimkuta amekaa vilevile alivyomwacha, ameikumbatia chupa ya soda. Mlango wa dereva wa gari lao ulikuwa umekunjwa hadi kwenye kiti. Dereva wa lori alikuwa hai, ameketi barabarani, amejishika kichwa.

Polisi walipofika walidai leseni za ndugu hao wawili, mkataba, na jina la aliyekuwa akiendesha. Seremala alisema ni yeye, akasema pia kuhusu sindano na tumbo tupu. Mmoja wao aliandika, akamwambia haendeshi tena mpaka daktari atoe cheti.

Walimalizia safari kwa basi. Walipokaribia kwa mdogo wao, seremala alimgeukia dada yake.

"Nilijua sijala," alisema. "Niliona aibu kuomba tusimame."

Mshonaji alitaka kumgombeza, akashindwa. Na walipopewa mapacha kuwapakata, alikataa kwanza, akaomba aketi chini. Mikono ilikuwa bado haijatulia.