Barua ya Mfano

Mwenyekiti alikuwa amekaa juu ya sinki la kufulia, ghorofa ya tatu, miguu inaning'inia, simu kaiegemeza kwenye nondo za dirisha. Hapo tu ndipo mtandao uliposhika. Ukishuka sinkini umepotea. Ukijisogeza nyuma kidogo tu, sura ya mwezeshaji inaganda mdomo wazi. Sinki lenyewe lilikuwa kavu siku ya kumi na moja sasa, na buibui alishajijengea kwenye tundu lake.

"Kiongozi bora," mwezeshaji alikuwa akisema, "kwanza kabisa anasikiliza."

Alisema hivyo baada ya kuwazima vipaza sauti wote hamsini na wawili. Kisha akafungua chupa, akanywa maji taratibu mbele yao, akajifuta mdomo.

Hayo ndiyo mafunzo ya uongozi kwa vyama vya wanafunzi wakati wa janga. Siku tatu, kila mtu na simu yake, popote alipo. Chuo kilifungwa wiki saba zilizopita na wanafunzi wakarudi makwao, isipokuwa wasichana arobaini na watatu wa bweni hili. Wengine barabara zilifungwa kabla hawajapata basi. Wengine walitoka ng'ambo ya mpaka. Wawili watatu hawakuwa na kwao pa kurudi, ingawa hilo walikuwa hawalisemi, walisingizia barabara kama wenzao. Chuo kikawaacha wakae. Halafu fundi wa pampu akarudishwa nyumbani pamoja na wafanyakazi wengine, na mabomba yakakauka. Tangu hapo walikuwa wakipitishiwa ndoo juu ya ukuta na jamaa wa karakana ya jirani, wanaooshea magari, ndoo moja kwa chumba, siku wakiamka vizuri.

Yeye alikuwa mwenyekiti wa chama cha wakazi wa bweni. Alichaguliwa kwa sababu hakuna mwingine aliyeutaka uenyekiti, na sasa watu arobaini na wawili walikuwa wanamtazama yeye. Alishaiandikia ofisi ya mlezi wa wanafunzi barua nne kuhusu maji. Ya kwanza ilijibiwa kwamba imepokelewa. Nyingine hazikujibiwa kabisa. Kisha likaja tangazo: kiongozi asiyemaliza mafunzo hatatambuliwa na chuo, na barua zake hazitapokelewa. Kamera ikizimwa zaidi ya dakika tano, jina linafutwa.

Kwa hiyo alikaa. Matako yalikufa ganzi, akakaa tu.

Mlango wa chumba cha kufulia ukasukumwa. Msichana wa chumba cha jirani alisimama kizingitini, barakoa kaishusha kidevuni, akaonyesha juu kwa kidole halafu akajishika paji la uso. Ilikuwa habari ya Redio. Redio ndiye mwenzake wa chumba, na jina hilo alilipata mwaka wa kwanza kwa kuongea kuanzia kucha hadi kuchwa bila kupumua. Sasa ilikuwa siku ya tatu yuko kitandani, mwili unachemka, na chumba kilikuwa kimya kiasi kwamba mwenyekiti alikuwa anaamka kumsikiliza kama bado anahema.

Alimjibu msichana kwa mkono, chini ya sinki, kamera isione: mlowanishie kitambaa, nakuja. Usoni aliendelea kutikisa kichwa kama mtu anayefundishwa.

"Sasa tunaingia mada ya tano," mwezeshaji alisema. "Kufikisha habari ngumu. Hapa ndipo viongozi wengi wanapochemsha."

Zoezi lilikuwa hivi. Tuseme, kwa mfano, kuna bweni lenye wanafunzi, na kwa sababu ya janga bweni hilo halina budi kufungwa ndani ya siku moja. Wewe ni kiongozi wao. Waandikie barua. Waondoke kwa hiari, bila vurugu, bila kinyongo. Barua iwe na jina, cheo na sahihi, kama barua ya kweli.

Alibonyeza alama ya mkono. Ilichukua muda, lakini mwezeshaji alimfungulia sauti.

"Samahani mwalimu, mimi ninaishi bweni. Hili ni zoezi tu?"

"Zoezi tu, dada yangu. Ndiyo maana nikasema tuseme. Lakini andika kama unaamini, la sivyo alama hupati." Akatabasamu. "Na atakayeandika vizuri kuliko wote, siku ya kufunga atapewa dakika mbili azungumze mbele ya mkuu wa chuo."

Mkuu wa chuo. Siku zote kumi na moja alikuwa anatafuta njia ya kumfikia mtu huyo, na kila mlango una mtu, na kila mtu anasema andika barua. Dakika mbili zilimtosha, alihitaji kusema jambo moja tu: turudishieni maji, tuna mgonjwa. Pembeni ya kioo, ndani ya kisanduku cheusi kisicho na sura, lilikuwepo jina la mlezi wa wanafunzi. Alikuwa hapo tangu asubuhi, anasikiliza.

Aliandika barua mchana ule kando ya kitanda cha Redio, kitambaa mkono mmoja, kalamu mkono mwingine.

"Unaandika nini?" Redio aliuliza kwa sauti ya kukwaruza.

"Nakufukuza bweni."

"Afadhali. Watu huko nje wanalia maji yamewafika shingoni. Mimi yangenifika hata kwenye vifundo ningeshukuru."

Walicheka wote wawili, Redio akakohoa mpaka akaketi.

Na kwa kweli aliandika. Aliwajua. Alijua nani aliondokewa na mama mwezi uliopita akashindwa kwenda kuzika, nani anaficha kuwa hana kwao, nani akisemeshwa kwa ukali huwa anakuwa mbishi na akisemeshwa kwa upole huwa analia. Kila mmoja alimtafutia sentensi yake. *Wenzangu, najua mmechoka. Nisingewaomba jambo hili kama kungekuwa na njia nyingine niliyoacha kuijaribu. Tusifungashe kwa hasira. Tulivyopokezana ndoo bila kugombana, ndivyo tupokezane na mizigo, na asiye na pa kwenda asione haya kumwambia mwenzake.* Alipoisoma mara ya pili macho yalimlowa, akajicheka. Akatia sahihi, akaipiga picha, akapanda sinkini kuituma.

Alhamisi alishinda. Mwezeshaji alimmwagia sifa mpaka akaona aibu, kisha mkuu wa chuo akatokea kwenye kioo, miwani imepanda kwenye paji, nyuma yake kabati la vikombe vya michezo.

"Karibu, binti. Una dakika mbili."

Alitumia moja na nusu. Alieleza siku kumi na tatu bila maji, ndoo za karakana, vyoo. Alisema ana mwenzake mwenye homa kali. Hakuremba wala hakuomba radhi.

"Nimeisoma barua yako," mkuu alisema. "Nimeisoma mara mbili. Wewe ni kiongozi mwenye busara, umetutoa kimasomaso. Na kuhusu maji usihangaike tena. Kuanzia kesho hilo halitakuwa tatizo lenu."

Alishuka sinkini akakimbia. Hakusubiri hata hotuba ya kufunga. Alipiga milango yote, chumba hadi chumba: maji kesho, kasema mwenyewe, kwa mdomo wake. Bweni likachangamka kama siku ya matokeo. Maji waliyokuwa wanayabana kwenye madumu wakayamimina. Walifua, walioga mwili mzima, walioshana nywele kwenye korido wakipigana na mapovu. Mwenyekiti alimkanda Redio kwa ndoo nzima, kuanzia kichwani hadi nyayoni, hakuacha hata kikombe.

"Mwenyekiti wangu," Redio alisema. "Nikipona nitakutangaza."

Ijumaa asubuhi kulikuwa na karatasi chini ya kila mlango. Karatasi nzuri, nyeupe, nembo ya chuo juu. Chini ya nembo ilikuwa barua yake, neno kwa neno, na jina lake, na cheo chake, na sahihi yake. Kilichoongezwa ni mstari mmoja tu: leo, saa sita mchana.

Alisimama nayo mkononi. Mwanzoni alidhani wameichapa kumpongeza. Alipousoma ule mstari mara ya tatu ndipo akakimbilia sinkini.

Alimpigia mlezi akiwa bado amevaa khanga ya kulalia.

"Mama, lile lilikuwa zoezi."

"Na ulilifanya vizuri sana."

"Sikuwaambia watu waondoke, mama. Tuliambiwa tuseme."

"Sahihi ni ya nani?"

"Ni yangu. Lakini maelekezo yalisema tutie sahihi."

"Basi." Sauti ya mlezi ikawa laini, ya kumbembeleza mtoto. "Sikiliza, mwanangu. Jengo limetolewa kwa ajili ya wagonjwa wa janga. Wanaanza kupokelewa Jumatatu. Barua ingetoka kwetu, mngegoma, tungewaletea askari, mngeumia. Imetoka kwako, hakuna atakayeumia. Huo ndio uongozi. Au unataka wagonjwa wakose pa kulala?"

Alijua kuna jibu, lilikuwa karibu kabisa, na alipokuwa bado analitafuta simu ikakatwa.

Alitoka mbio koridoni kuwaambia wasiondoke. Aliwakuta wanafungasha. Hakuna aliyepiga kelele, hakuna aliyemtukana, na hilo lilimuuma kuliko tusi. Walikuwa wanapokezana mizigo ngazini kama alivyowaomba. Nguo za jana, mbichi bado, walizisokomeza kwenye mifuko ya plastiki.

"Si mimi," alisema. "Nisikilizeni, si mimi."

Yule aliyefiwa na mama alimshika bega. "Tumeelewa, Mwenyekiti. Ulivyoandika, tumeelewa. Najua haikuwa rahisi kwako."

"Barua ilikuwa zoezi. Ya mfano."

"Ndiyo," alijibu, kwa upole ule ule wa kwenye barua, akateremka na godoro kichwani.

Mwenyekiti aliketi kwenye ngazi. Kama wangemzomea angesimama. Angegombana nao, halafu wangegeuka wote wakagombane na ofisi. Lakini aliwaandikia asitokee wa kugombana, na hakutokea.

Saa sita kasoro alimshusha Redio, mkono wake shingoni, sanduku akilisukuma kwa mguu. Walikuwa wa mwisho. Mtu wa ofisi aliyekuwa akisubiri mlangoni alifunga nyuma yao kwa kufuli mpya, akaingia kwenye gari na funguo zake, akaondoka. Uwanjani walipishana na fundi wa pampu, begi la vyuma begani. Aliwasalimia, akaenda kuwasha maji.

Getini mlinzi alikuwa amevaa glavu, mkononi ana kile kipima joto cha kuelekezea usoni. Walimwita mjomba miaka yote miwili. Alimpima mwenyekiti, akamwambia pita. Alimpima Redio. Akakitikisa kifaa, akampima tena.

"Huyu hatoki."

"Mjomba, tumeambiwa tutoke."

"Wazima ndio watoke. Mwenye joto asivuke geti, ataambukiza mtaa. Nimeandikiwa hapa." Alionyesha karatasi ukutani, na kweli iliandikwa.

"Basi arudi ndani."

"Ndani kumefungwa. Umeona mwenyewe."

"Si wanasema jengo ni la wagonjwa? Huyu ni mgonjwa, mjomba. Mtazame."

Mlinzi alimtazama. Hakuwa mtu mbaya, na ilionekana anahangaika. "Wagonjwa ni Jumatatu," alisema.

Redio alikuwa ameshakalia sanduku lake katikati ya njia, kati ya geti na bweni, juani, kajifunika khanga kichwani na meno yanagongana. Mwenyekiti alimpigia mlezi. Iliita mpaka ikachoka. Alimpigia mwezeshaji, akapokea mara moja, akafurahi kumsikia, akasema alikuwa na nia ya kumtafuta: barua ile angependa kuitumia kufundishia vyuo vingine, kama hatajali.

Mlinzi alikuja na ubao na kalamu iliyofungwa kwa uzi.

"Mwenyekiti, unanichelewesha. Weka sahihi hapa. Arobaini na watatu, wote wametoka."

"Hajatoka."

"Na ndani hayumo. Sasa mimi nimwandike wapi?"

Alimshikisha kalamu. Nje ya geti wenzake walikuwa wamekaa juu ya magodoro kando ya barabara, wametulia, wanamngoja yeye awaambie waelekee wapi.

"We dada," Redio aliita kutoka kule sandukuni. "Leo siku gani?"

"Ijumaa."

Redio alitoa mkono chini ya khanga, akaanza kuhesabu kwa vidole hadi Jumatatu. Akakosea. Akaanza tena.