Mkwe Upande wa Pili wa Mkuyu

Hapa Mpanda, mwezi wa kumi, ukitaka kutoka na familia, panga kivuli kwanza. Chakula baadaye. Mimi nilipanga vyote viwili na bado nilikosea.

Mama yangu alikuwa ameshatuaga. Alikuja kwetu kutoka Kahama baada ya kumzika baba, na sasa alisema anarudi na treni ya Jumanne, akaishi peke yake kwenye nyumba kubwa yenye popo. Sababu hakuificha.

"Mkwe wa watu atakufa njaa," aliniambia. "Nikikaa sebuleni, yeye yuko uani. Nikitoka uani, anaingia ndani kwa dirisha."

Ni kweli. Kwetu Wasukuma mwanaume hamtazami mama mkwe usoni, hampi mkono, hali naye. Mume wangu Malale ana duka la dawa za mifugo na simu mbili, lakini kwa jambo hilo ni kama babu yake. Alishachana suruali mbili kwenye misumari ya dirisha.

Nikaona tatizo ni nyumba ndogo. Huko nje kuna nafasi. Wakishinda siku moja pamoja bila mtu kupita dirishani, Mama ataona inawezekana, atabaki. Nilikuwa na Jumapili hiyo tu.

Nikabeba maji ya barafu, wali, kuku, tikiti, mikeka, shuka na kamba. Mama, mimi na binti yangu Monika tukapanda bajaji. Malale akaja na boda, mbali nyuma, uso kaugeuzia mashambani.

"Dada, yule jamaa anawafuatilia," dereva wa bajaji akasema.

"Ni mume wangu."

Akaongeza mwendo.

Nilikuwa nimechagua mkuyu ulio kando ya korongo kavu, njia ya Kabungu. Nilipouona mara ya mwisho ulikuwa na matawi. Wachoma mkaa walikuwa wamepita, wakauachia shina nene na majani kidogo juu, kama mzee aliyevaa kofia ya mtoto. Mti mwingine haukuwepo. Nje kulikuwa na nafasi yote duniani na kivuli kimoja.

Nikafunga shuka katikati: Mama upande huu, mkwe upande ule. Tulipopakua wali, kivuli chote kilikuwa kimeshahamia kwetu. Malale alikuwa juani, sahani mapajani.

"Sogea," nikamwambia.

"Nikisogea nitamwona."

Nikahamisha shuka. Jua likasogea. Nikahamisha tena. Tuliuzunguka ule mti na mikeka na masufuria, Mama mbele, Malale nyuma, mpaka wali ukaingia mchanga.

Akapita mama mmoja akisukuma baiskeli yenye gunia la maharage. Akaiegesha, akavua viatu, akaketi kwenye mkeka wetu.

"Poleni sana," akasema kwa sauti ya chini. "Mimi ni Vénérande, nakaa hapo mbele."

"Hatujafiwa," nikamwambia. "Tumetoka tu kupunga upepo."

Akaangalia mikeka, masufuria, shuka, na jua lile. "Mungu awatie nguvu," akasema. "Na yule baba anayeungua pale?"

"Mkwe."

"Ee. Mkwe huumia zaidi." Akachukua paja la kuku.

Saa sita jua likasimama utosini. Kivuli kikanywea mpaka kikabaki duara dogo kwenye shina. Malale alikuwa amejifunika mfuniko wa sufuria kichwani na ameanza kuyumba. Mama alimwona kupitia tundu la shuka.

"Mwambie huyo mtu asife," akaniambia. "Mwaka huu nimeshazika."

"Mwambie mwenyewe."

"Siwezi kusema na mkwe." Akafikiri kidogo. Kisha akaugeukia mti, akaupiga kofi. "We mkuyu. Mwambie huyo mtu una pande mbili."

Malale akaja kinyumenyume, Monika anamvuta shati, akaegemea shina upande wake. Mama akaegemea upande wa pili. Mgongo, mti, mgongo.

"Mkuyu," Mama akasema, "muulize, ng'ombe akivimba tumbo anapewa nini? Wa marehemu alitufia mkononi."

"Mkuyu, mwambie mayu," Malale akajibu, akimwita mama kwa Kisukuma, "mafuta ya kula. Halafu atembezwe, asilale."

"Mwambie sisi tulimpa soda."

Malale akacheka. Nina miaka kumi na mmoja naye, na sikumbuki kumsikia akicheka mbele ya mtu wa kwetu. Wakaendelea na kupe, mbuzi, na yule jirani wa Kahama anayehamisha mpaka wa shamba usiku usiku. Niliingiza neno kuhusu mnada wa ng'ombe.

"Wewe nyamaza," Mama akasema. "Tunaongea na mti."

Vénérande akajifuta macho. "Msiba mzuri huu," akaninong'oneza. "Watu wanapatana."

Jioni, kwenye bajaji, tulifika karibu na stesheni. Mama akasema, "Ningebaki. Ila kwako hakuna mti."

Nilimwambia Malale usiku ule, kwa masikitiko. Yeye hakusikitika. Jumatatu mchana alirudi na vijana wanne na gogo la kiwanda cha mbao, nene kama pipa. Mlangoni halikupita, wakang'oa fremu. Sasa limesimama katikati ya sebule yangu, limegusa dari, na televisheni imehamia chumbani kwa Monika.

Jumanne treni ilipopiga honi, Mama alikuwa ameliegemea, anakunywa uji. Upande wa pili Malale alikuwa anakula ugali wake taratibu, kwa mara ya kwanza tangu msiba.

"Gogo," Mama akasema, "mwambie amekuweka vibaya. Jua la dirishani linanipiga."

"Gogo, mwambie mayu nitakusogeza."

Nikaenda kuwapigia wale vijana wanne.