Haki ya Mtani

Mume wangu Wilbroad tulimzika Jumatatu, hapa Isevya. Alhamisi ya wiki hiyo hiyo binti yetu Kabula alitakiwa awe ameripoti kwenye kambi ya taifa ya riadha, Dar es Salaam.

Serikali ilipotaka kila kata ifungue uwanja wa mazoezi kwa watu wote, Wilbroad ndiye aliyejitolea kusimamia wa kwetu. Walikuja akina mama wenye presha, mafundi baiskeli wa Ng'ambo, hata wanakwaya. Katika watu hao waliokuja kupunguza vitambi ndipo alipoonekana Kabula, akiwaacha wavulana nyuma. Serikali ikakubali kumlipia mwalimu, chakula na masomo. Baba yake aliisikia habari hiyo kabla hajafa, nami nashukuru.

Lakini tanga lilikuwa lianuliwe Jumamosi.

"Mtoto haondoki kabla ya tanga," alisema shemeji yangu Kasimiri, kaka mkubwa wa marehemu. "Watu watasema tumeukimbia msiba."

"Asipofika Alhamisi, shemeji, nafasi anapewa mwingine."

"Basi apewe. Mbio zipo kila mwaka. Baba anakufa mara moja."

Kabula alisikia, akaendelea kusugua sufuria.

Jumanne asubuhi akaingia Zabibu, muuza maandazi wa Ng'ambo. Zabibu ni Mzaramo, na Wazaramo ni watani wetu sisi Wanyamwezi tangu enzi za misafara, kwa hiyo kuuchezea msiba wetu ni haki yake. Alikuwa amevaa suruali ya michezo ya Wilbroad, filimbi mdomoni, akikimbia kwa kuchechemea kama marehemu.

"Inukeni, wavivu! Nimekufa mimi, mbona mmelala nyie?"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Hata mimi nilicheka.

Kisha akadai haki yake. Kasimiri akamletea jogoo.

"Jogoo kakonda kama mwenyewe! Simtaki. Nachukua huyu." Akamshika Kabula mkono. "Leo napanda naye treni."

"Zabibu, utani una mipaka."

"Kaiweka nani? Babu zako walikuja kwetu pwani kwa miguu, mizigo kichwani. Leo Mnyamwezi anaogopa treni! Njoo nikufunge kanga, ukakae jikoni."

Mtani akishika kitu msibani hanyimwi, na Kasimiri alilijua hilo kuliko wote. Mama yake Zabibu alipofariki, Kasimiri ndiye aliyeondoka na redio ya marehemu mbele ya wafiwa. Aliwatazama wazee wa ukoo. Walikuwa wanafuta machozi ya kicheko.

"Mchukue," akasema. "Tumelipana ile redio."

"Redio yenyewe ilikuwa mbovu," Zabibu akamjibu.

Waliondoka na treni ya jioni. Nilimkumbatia mwanangu mlangoni, kwa kuwa mimi mjane sikuruhusiwa kutoka.

Alhamisi mchana simu iliita nikiwa mkekani.

"Mama, nimepokelewa. Wamenipa kitanda na viatu vya kukimbilia."

Nilimshukuru Mungu, nikamwambia shemeji. Akauliza:

"Viatu vinamtosha?"

"Anasema vinamtosha."

"Serikali imefanya vizuri," akasema, kisha akatoka nje kwenda kuwaambia wanaume waliokaa turubaini.