Aliyekwisha Kuliliwa

Ilgira alikuwa akichambua kano za ng'ombe za kuimarishia pinde mumewe alipoingia kambini, akimburura farasi anayechechemea. Jambo la kwanza aliangalia kama ana kivuli. Kilikuwepo, na bado hakuinuka kumlaki.

Mumewe, Zolgan, alikuwa kamanda wa wapanda farasi wa Kihunni, watu wa nyikani, katika jeshi la Warumi. Juzi ilikuja habari kwamba Waajemi wamemuua. Maiti haikuonekana, lakini matanga yalifanyika: watu wake walilizunguka hema lake kwa farasi, wakajichanja mashavu ili shujaa aliliwe kwa damu, wakala karamu yake na kuvunja upinde wake. Na kwao, aliyekwisha kuliliwa harudishwi.

"Nyie, mmeziba masikio?" Zolgan aliwafokea. "Nilijificha mtaroni tu! Niko hapa!"

Waliendelea kuwachana farasi manyoya.

"Karibu, kamanda!" mlinzi wa Kirumi alicheka langoni. "Wenzako wamekununia?"

Mama yake Zolgan, mashavu yakiwa bado mabichi kwa vidonda, alimshika Ilgira goti.

"Usimtazame, mwanangu. Ukimjibu, umemfuata."

"Mama, si ni yeye!"

"Nani? Mimi sioni mtu."

Zolgan akachuchumaa mbele ya mkewe, akinuka jasho la farasi.

"Maji basi, mke wangu. Hata mbwa amenitambua."

Ilgira aliogopa, aliogopa sana. Marehemu huwekewa kikombe chini, hapewi mkononi. Akakijaza, akainama ili akiweke mchangani. Hapo akaiona midomo ya mumewe, imepasuka kwa kiu, na mapenzi yakamshinda. Akamkabidhi mkononi. Vidole vyao viligusana, na vya mume vilikuwa na joto. Zolgan alikunywa huku akicheka na kulia.

"Unaona, mama?" Ilgira aligeuka kwa furaha. "Ni mzima!"

Mkwewe hakumtazama. Alichomoa kisu kidogo kutoka kwenye buti, akakipeleka shavuni kando ya kidonda cha juzi, akaanza kuita taratibu, kama anayemwita mtu aliye mbali.

"Ilgira! Ilgira wangu!"

"Mama, niko hapa. Mama!"

Jirani akaja, naye analia. Alimpita Ilgira bila kumtazama, akaketi kwenye kigoda alichokuwa amekikalia mwenzake, akaokota zile kano na kuendelea kuzichambua.